Kabla ya Kununua Gari, Tuulize Umeme Utatoka Wapi

Kila panapozungumzwa uhaba wa maabara katika shule zetu za mashambani, hakosekani mtu wa kusimama na kupendekeza gari. Hoja yenyewe ni nyepesi kueleweka na tamu masikioni. Badala ya kujenga maabara 10 katika shule 10, na linunuliwe gari moja la abiria lililotumika, ling'olewe viti, litiwe meza, kompyuta, projekta na vifaa vya majaribio, kisha lizunguke kutoka shule moja hadi nyingine kwa zamu. Wazazi hushangilia, mwanasiasa huahidi mchango wake, na kamati huteuliwa papo hapo. Yote hayo hufanyika kabla hajapatikana hata mtu mmoja wa kuuliza vifaa hivyo vitapata umeme kutoka wapi.

Swali hilo ndilo tunalotaka kulishughulikia leo, na tunaliweka mbele ya walimu na wanafunzi kwa makusudi, kwa kuwa hao ndio watakaoachwa na gari bubu iwapo halitajibiwa mapema. Tunaizungumzia hasa Sigor. Hatusemi ile Sigor ya Pokot Magharibi, iliyo katika kaunti ya bwawa la Turkwel lenye mitambo ya megawati 106. Sigor yetu ni ya Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet, mahali ambapo vilima vya majani chai vya Kericho na Bomet vinaanza kushuka na kuacha nafasi kwa mahindi, ng'ombe wa maziwa na vumbi la barabara za kwenda Chebunyo na Siongiroi.

Mahali hapa panafaa sana kwa mjadala huu, kwa sababu umeme wa kujitengenezea si hadithi ngeni katika nchi ya chai. Mashamba makubwa ya Kericho yamekuwa yakizalisha sehemu ya umeme wake kutoka mito kwa miongo mingi, na Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ina mtambo wake kwenye maporomoko ya mto Nyangores. Waliojenga mitambo hiyo hawakununua mashine kwanza na kuutafuta mto baadaye. Walianza kwa kupima maji. Sioni kwa nini kamati ya gari la shule iruhusiwe kufanya kinyume.

Ubaya wa mambo ni kwamba haja yenyewe ni ya kweli. Darasa la kwanza la Gredi ya 7 lilipoingia mwaka 2023, serikali iliamua kwamba sekondari msingi ziwekwe ndani ya shule za msingi, nazo nyingi hazikuwa zimejengewa maabara hata ya jina. Mwalimu wa sayansi alijikuta akichora betri na balbu ubaoni, na mwanafunzi akalikariri jaribio ambalo hakuwahi kuliona likifanyika. Watoto hao wa mwaka 2023 walitarajiwa kuingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na baadhi yao wakachagua masomo ya sayansi kwa kuyajua kwa macho ya ubaoni tu. Kwa hivyo hatuwezi kulidharau wazo la gari. Wajibu wa serikali wa kujenga maabara uko pale pale, wala gari lisitumiwe kuwa kisingizio cha kuukwepa. Lakini mtoto aliye darasani leo hawezi kuambiwa asubiri mpaka mwanakandarasi alipwe.

Wala magari ya namna hii si uzushi wa jana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu za elimu wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara kule Tanganyika, ambao uliizungusha lori ya sinema katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini ambazo leo ni Malawi na Zambia. Vijiji vile havikuwa na waya hata mmoja wa umeme, na kwa hiyo ilibidi umeme usafiri pamoja na filamu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, na kwa miaka mingi baada ya Uhuru, magari ya sinema ya Wizara ya Habari yaliendelea kufika katika viwanja vya masoko yetu. Wazee wanayakumbuka kwa picha za kilimo na afya, na pengine zaidi kwa kelele za jenereta. Mafundi wa magari hayo walikuwa na desturi ambayo ingefaa kufufuliwa: jenereta iliwekwa mbali na watu, upande ambao upepo unaelekea, na waya mrefu ukavutwa hadi kwenye projekta. Sababu mojawapo ilikuwa kelele. Ile nyingine, ya moshi, tutairudia hapo mbele.

Katika miaka ya karibu, mwaka 2014, kampeni ya Beyond Zero ya aliyekuwa Mama wa Taifa, Bi. Margaret Kenyatta, ilianza kuzipa kaunti zetu kliniki za magurudumu. Kliniki ya namna hiyo ina jokofu la chanjo, na chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, usiku na mchana, gari likienda au limesimama. Na kabla ya hapo, mwaka 1996, Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilikuwa imeanza kupeleka vitabu kwa ngamia katika eneo la Garissa. Ngamia hahitaji fyuzi. Yafaa kamati yoyote ijiulize kwanza kama haja yake si ya vitabu zaidi kuliko kompyuta. Ikiwa ni ya vitabu, basi gari lolote lenye paa lisilovuja litatosha, na makala haya hayamhusu mtu.

Sasa tuchukue karatasi na kalamu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na umeme ni mali ya namna hiyo hasa.

Tuseme gari letu lina kompyuta za mapajani 20, kila moja ikila wati 40. Hizo ni wati 800. Projekta ya kawaida inachukua wati 200, na taa za ndani wati 40. Jumla ni wati 1,040. Vifaa hivi vingi vimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani wa volti 240, ilhali betri ya gari ni ya volti 12, na kwa hiyo lazima pawepo inveta ya kuupandisha. Inveta nayo haifanyi kazi ya bure. Hata iliyo nzuri hupoteza kama sehemu moja katika kila kumi kwa joto. Kwa hivyo betri zitadaiwa wati 1,156 hivi ili vifaa vipate wati 1,040. Gawanya kwa volti 12, nawe utapata mkondo wa ampea 96.

Mwanafunzi wa fizikia na aitazame tarakimu hiyo vizuri. Ampea 96. Betri iliyokuja na gari huwa na uwezo wa saa-ampea 70 hivi, na betri za risasi na asidi hazipendi kumalizwa. Ukitaka zidumu usitumie zaidi ya nusu ya kilichomo. Nusu ya 70 ni 35. Ukiigawa 35 kwa 96, unapata dakika 22. Hizo ndizo dakika za somo ambazo gari hilo lingeweza kutoa injini ikiwa imezimwa, na kwa kweli zingepungua zaidi, maana betri inayokamuliwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko inayokamuliwa polepole. Halafu dereva atageuza ufunguo asikie mlio mmoja wa tik, na wanafunzi waliokuja kujifunza kompyuta wataitwa kulisukuma gari.

Kwa somo la saa 4, hesabu hiyo hiyo inadai saa-ampea 385. Kwa kuwa tunatumia nusu tu, tunahitaji betri za saa-ampea 770, yaani betri 8 za saa-ampea 100 kila moja. Betri ya sola ya ukubwa huo ina uzito wa kilo 30 hivi. Kilo 240 za risasi zitakaa nyuma ya gari kabla mtoto mmoja hajapanda, na zitapandishwa mlima na kuteremshwa kila siku kwa gharama ya mafuta, magurudumu na springi. Betri za lithiamu ni nyepesi zaidi na huweza kutumika karibu zote bila kuharibika upesi, lakini bei yake ya kununulia ni kubwa, na fundi wa kuzielewa hapatikani katika kila soko.

Hapa ndipo kamati nyingi hukata tamaa au, vibaya zaidi, hukimbilia kununua jenereta kubwa. Mimi nashauri turudi kwenye orodha ya vifaa badala ya orodha ya betri. Tukiweka vishikwambi 20 vya wati 8 kila kimoja mahali pa kompyuta, tunatumia wati 160. Projekta ndogo ya taa za LED inaweza kutosheka na wati 80, ikiwa madirisha yatafunikwa vizuri. Taa wati 20. Jumla ni 260, ambayo ni robo kamili ya ile ya kwanza. Mkondo unashuka hadi ampea 24, na kazi ya saa 4 inahitaji betri 2 badala ya 8. Tena kishikwambi kina betri yake ndani na hukubali chaji ya volti 5, inayoweza kutolewa moja kwa moja kutoka kwenye volti 12 bila kupitia inveta. Hakuna maana ya kuupandisha umeme hadi 240 ili chaja iushushe tena hadi 5. Serikali iligawa zaidi ya vishikwambi milioni moja katika mpango wa elimu ya kidijitali ulioanza mwaka 2016, na sote tunajua vingi viliishia kufungiwa kabatini. Kabla ya kununua vipya, ingefaa makabati yafunguliwe.

Baada ya kuipunguza njaa ya vifaa, ndipo tuulize chakula kitoke wapi. Njia ziko nne, na sidhani zinastahili heshima sawa.

Injini ya gari lenyewe ina alteneta, na kwa wengi hili hufunga mjadala: si injini iache ingurume tu? Lakini alteneta iliyoandikwa ampea 80 hutoa kiasi hicho injini inapozunguka kwa kasi ya barabarani. Gari likiwa limesimama, injini ikivuma taratibu, pengine itatoa nusu yake, na sehemu ya hiyo inatumiwa na gari lenyewe. Haiwezi kuilisha ile mipango ya ampea 96 hata kidogo. Isitoshe, dizeli ilizidi shilingi 160 kwa lita katika mwaka 2025, na injini kubwa inayovuma bure uwanjani inaweza kunywa karibu lita moja kwa saa. Mahali panapofaa pa alteneta ni njiani. Gari linapotoka Sigor kwenda shule ya jirani, ile nusu saa ya barabara na iwe nusu saa ya kuchaji, kwa sharti kwamba kuna swichi ya kuzitenganisha betri za vifaa na betri ya kuwashia injini. Fundi akikwambia swichi hiyo ni anasa, tafuta fundi mwingine.

Njia ya pili, jenereta ya petroli, ina manufaa pale panapohitajika nguvu nyingi kwa muda mfupi. Zaidi ya hapo ni mgeni mwenye kelele anayedai kulishwa kila siku.

Njia ya tatu ni ile inayosahaulika kwa sababu iko karibu mno. Shule nyingi za msingi za serikali zilivutiwa umeme katika miaka ya kati ya 2013 na 2016, mpango wa vishikwambi ulipokuwa ukiandaliwa. Kweli umeme huo hukatika. Mnamo Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, uwanja wa ndege wa Nairobi ukiwemo, na Desemba ya mwaka huo huo tukaona tena. Kweli pia kwamba zipo shule ambazo mita yake imekaa bila tokeni muhula mzima. Lakini gari halihitaji umeme wa uhakika wa saa 24. Linahitaji saa chache za usiku, mahali popote litakapolala, ili betri zijazwe. Mpango wetu wa wati 260 kwa saa 4 unatumia chini ya yuniti moja na nusu, ambayo haifiki shilingi mia moja. Fedha hizo hazitoshi kununua lita moja ya dizeli.

Njia ya nne ni jua. Sigor iko karibu nyuzi moja kusini mwa Ikweta, na tukikadiria kwa tahadhari tunaweza kuhesabu saa 4 hadi 5 za jua kamili kwa siku. Paneli mbili za wati 200 hukaa juu ya paa la gari la abiria bila taabu. Zizidishe kwa saa 5, utoe kama theluthi kwa ajili ya joto, vumbi na kulala kwake bapa, nawe utabaki na saa-wati 1,400 au pungufu kidogo. Mpango wa vishikwambi unahitaji saa-wati 1,156. Zinatosha siku njema, na siku ya mawingu usiku wa kuamkia kesho utafidia kwa soketi.

Hata hivyo jua la nchi ya chai lina visa vyake. Asubuhi huwa jeupe, na alasiri mawingu yakapanda kutoka upande wa Ziwa Viktoria. Kwa hiyo ratiba ya gari izipe betri asubuhi. Kericho na vilima vyake vimejulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, kiasi kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 yalifanywa majaribio ya kuizuia ili kuokoa majani ya chai. Paneli za kiwango kinachokubalika hupimwa kwa kupigwa vipande vya barafu vya milimita 25, lakini zile za bei ya kutupa, zisizo na alama yoyote nyuma, hazina ahadi hiyo. Halafu kuna mti. Dereva wetu yeyote akifika shuleni ataliegesha gari chini ya mti, kwa ubinadamu tu, ili watoto wasichomwe na jua ndani ya bati. Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli kinaweza kupunguza umeme wake kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu vijichumba vya paneli vimefungwa mfululizo kama shanga. Itabidi tuchague, au tununue paneli inayoshuka na waya wa mita 10, gari likae kivulini na paneli ikae juani. Naipendelea hii ya pili, ingawa itahitaji mlinzi.

Tufike kwenye waya, maana ndipo fedha zinapookolewa mahali pasipofaa. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 4, ambao fundi wa nyumba huutumia bila wasiwasi, uuvute mita 3 kutoka betri hadi inveta na mita 3 za kurudi. Ukinzani wake ni kama omu 0.026, namba ambayo huonekana si kitu. Pitisha ampea 96. Kwa sheria ya Ohm, volti 2.5 zinapotelea njiani. Betri ya 12 inafika kwenye inveta ikiwa na 9.5, na inveta inapiga kengele na kuzima. Zidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani, nawe utaona wati karibu 240 zinageuka kuwa joto ndani ya waya uliofichwa chini ya zulia. Hiyo ni pasi ndogo isiyo na mwenyewe. Lakini waya ule ule, ukibeba wati 1,040 kwa volti 240, unapitisha ampea 4.3 tu na kupoteza nusu wati. Sidhani kuna njia bora ya kumweleza mwanafunzi kwa nini nyaya kuu za nchi hii hubeba umeme kwa volti 132,000, 220,000 na 400,000. Na funzo la fundi ni kwamba inveta ikae pembeni mwa betri, waya wa volti 12 uwe mfupi na mnene, na urefu wote uwe upande wa 240.

Tukishasema 240 tumesema hatari. Gari ni kopo la chuma lililosimama juu ya mipira, mara nyingi juu ya nyasi zenye umande, na abiria wake ni watoto. Waya ukichubuka kwenye ukingo wa bati, mwili wote wa gari unaweza kuwa na umeme, na atakayeumia ni yule anayeweka mguu mmoja chini na mkono mmoja mlangoni. Lazima iwepo swichi ile ya kukata umeme papo hapo mkondo unapovuja, na lazima kila waya unaotoka kwenye betri upitie fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe. Wapo wanaodhani volti 12 ni mchezo kwa kuwa hazimrushi mtu. Ni kweli hazimrushi, lakini spana ikidondoka kati ya nchi mbili za betri, mamia ya ampea hupita ndani yake na chuma kikawa chekundu. Betri za asidi zinapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka; zisiwekwe chini ya kiti cha mwanafunzi bila kisanduku chenye tundu la hewa la kutoka nje.

Na moshi. Jenereta ndani ya gari, au mlangoni pake, au hata nyuma ya dirisha la darasa lililofunikwa ili projekta ionekane, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na mwalimu anaweza kudhani darasa limechoka. Wale mafundi wa sinema waliovuta waya mrefu hawakuhitaji kuandikiwa kanuni. Sisi tunahitaji, kwa sababu gari letu litakuwa na milango ya kufungwa na mvua ya kutufanya tuifunge.

Mtu atasema: mbona matatu za Nairobi zina runinga, spika na taa za kila rangi, na zinatembea? Ni hoja nzuri, na mafundi wa kule wanajua mambo ambayo vitabu vyetu havijayaandika. Wanaongeza alteneta kubwa, wanaongeza betri, wanatumia waya mnene kama kidole. Lakini matatu huzunguka mchana kutwa, injini yake hailali, na abiria ndiye anayelipia dizeli inayoichezesha ile ngoma. Gari la shule husimama saa 4 mahali pamoja na halitozi nauli. Fundi wa matatu apewe kazi, tena kwa heshima, ila aambiwe kwanza kwamba gari hili kazi yake ni kusimama. Aliye na leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, aikague kazi kabla watoto hawajapanda, na gari lililobadilishwa lipitishwe na NTSA kama sheria inavyotaka.

Ningependa hesabu za gari hilo zifanywe na wanafunzi wenyewe. Walimu wa fizikia wa Chepalungu wana somo la muhula mzima hapa: kupima wati za kila kifaa kwa mita badala ya kuamini kibandiko, kuchora saketi, kuandika katika daftari volti za betri asubuhi na jioni kila siku gari linapotoka. Daftari hilo litaonyesha betri inaanza kuchoka wiki kadhaa kabla haijafa, nalo litamwonyesha mhasibu kwamba mtu fulani amekuwa akichaji simu za soko zima usiku.

Maana betri zitakufa. Za risasi na asidi, zikitunzwa, hudumu miaka 3 au 4, pengine 5. Zisipotunzwa, mwaka mmoja ni mwingi. Magari mengi ya misaada tunayoyaona yameegeshwa nyuma ya ofisi, nyasi zikipita kati ya magurudumu, yana injini zinazowaka. Kilichokosekana ni betri, au inveta, au shilingi elfu kadhaa ambazo hazikuandikwa katika bajeti yoyote kwa sababu siku ya kukabidhiana funguo palikuwa na shangwe. Kamati yoyote ya Sigor itakayowaita wazazi kuchanga, na ije na ukurasa mmoja wenye safu mbili: wati za kila kifaa upande huu, chanzo cha kila wati upande ule. Chini yake iandikwe ni kiasi gani kitawekwa benki kila muhula kwa ajili ya betri za mwaka wa nne, na jina la cheo cha atakayetia sahihi. Ukurasa huo usomwe kwa sauti kabla ya mchango wa kwanza kupokelewa.